Simile! Tumpishe Mgonjwa Kama Tunavyompisha Maiti

 

Ndugu zetu, kina mama na kina baba mnaousoma ukurasa huu kila Ijumaa, wiki hii hatutazungumzia hukumu za swala wala za saumu. Tutazungumzia barabara. Huenda mmoja wenu akasema kuwa barabara ni kazi ya polisi, sheikh ana lipi la kusema juu yake? Nasi tulikuwa tukifikiri hivyo hivyo, mpaka Mwenyezi Mungu alipotufunza kwa tukio ambalo hatujalisahau, na ambalo tungependa mlisikie kutoka kwetu wenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine.

Sisi tumezaliwa na kusomea Mji wa Kale, Mombasa, mahali ambapo vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hana budi kujikunja. Hamali akipita na gunia begani, au mwenye mkokoteni akishuka mteremko, sauti yake ilikuwa ikitangulia: "Simile! Simile!" Hatukuwa tukiuliza amebeba nini wala mzigo ni wa nani. Tulijibana ukutani, misahafu vifuani, mpaka apite. Mwalimu wetu wa chuoni, Allah amrehemu, alikuwa akitwambia, "Mwenye mzigo hana nafasi ya kukuangalia. Wewe usiye na mzigo ndiwe mwenye macho, basi wewe ndiwe wa kupisha." Tuliyashika maneno hayo tukiwa na miaka saba. Tulipopita hamsini, siku moja tuliitiwa simile, wala hatukupisha.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, ameolewa Kiminini, katika kaunti ya Trans Nzoia, na mfanyabiashara wa mahindi. Mji huo uko kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, ile ile iendeleayo Kapenguria na Lodwar hata mpaka wa Sudan Kusini. Ni nchi ya baridi na mashamba mapana. Waislamu huko ni wachache tukilinganisha na kwetu pwani; majirani zao wengi ni Wabukusu Wakristo, nao wanaishi na ndugu zetu kwa wema. Kila tukienda kumjulia hali binti yetu, ndugu wa msikiti mmoja mdogo wa pale hutuomba tuwakhutubie Ijumaa, nasi hatukatai.

Safari hiyo ilikuwa msimu wa mavuno. Aliyepita huko wakati wa mahindi anajua hali ya njia: trekta zenye matela yaliyojaa magunia, malori yaendayo Kitale, matatu zinazokimbizana na abiria, na bodaboda kila upande. Msikiti wenyewe uko kwenye njia ya vumbi inayotoka vijijini na kuungana na barabara kuu. Siku za Ijumaa magari huegeshwa pande zote mbili za njia hiyo. Siku ile yalikuwa mengi zaidi, kwa kuwa ilitangazwa kwamba mgeni kutoka pwani atakhutubu. Sisi wenyewe tulifika tumechelewa. Dereva wetu hakupata nafasi, akasimama nusu njiani mbele kidogo ya lango, akatuuliza, "Sheikh, niliache hapa?" Tukamjibu, "Liache tu, ni muda mfupi." Maneno hayo ni yetu. Hakuyasema mtu mwingine.

Tulikuwa katika khutba ya kwanza tuliposikia king'ora. Kilikuja kwa mbali, kikakaribia, kisha kikasimama pale pale nje ya msikiti. Haki ya Mungu, hatukumfikiria mgonjwa. Tulidhani ni msafara wa mheshimiwa fulani, maana katika nchi yetu tumezoea wakubwa kupigiwa ving'ora ili wawahi mkutano au chakula. Moyo wetu ukaona kero. Tukasogea karibu na kipaza sauti na kuinua sauti zaidi. King'ora kikalia, kikakatika, kikalia tena. Tulimwona mtu mmoja katika safu ya tatu akigeuza shingo. Tulimwona dereva wetu, aliyekuwa safu ya kwanza, akitia mkono katika mfuko wa kanzu. Funguo zilikuwa humo. Akatutazama usoni kama anayeomba ruhusa, nasi tukaendelea kusoma. Naye amefunzwa, tena tuliomfunza ni sisi, kwamba anayechezea hata changarawe wakati wa khutba ameingia katika upuuzi. Basi akautoa mkono mfukoni akatulia.

Baada ya muda king'ora kikaondoka. Tuliposwali na kutoka nje, tulikuta gari letu limesogezwa mpaka ukingo wa mtaro, gurudumu moja likining'inia. Vijana wa bodaboda na kina mama wanaouza mboga kando ya njia walikuwa wamelinyanyua kwa mikono. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa Mwislamu. Mama mmoja alikuwa akijipangusa vumbi mikononi kwa upindo wa leso yake. Hakututukana wala hakutufokea. Alisema neno moja tu: "Alikuwa mzazi."

Lilikuwa gari la wagonjwa. Lilikuwa likimtoa mwanamke aliyeshikwa na uchungu katika zahanati ya kijijini na kumkimbiza Kitale, na damu ilikuwa ikimtoka. Waliokuwapo walikadiria kwamba lilisimama pale kama dakika kumi na mbili. Mama aliokoka, alhamdulillahi. Mtoto hakuokoka.

Hapana daktari aliyetwambia kwamba dakika zile ndizo zilizomwua mtoto, nasi hatudai kujua ya ghaibu. Yawezekana muda wake ulikuwa umekwisha andikwa kabla gari halijafika langoni petu. Lakini kuamini qadari si pazia la mtu kujifichia makosa yake. Uhai na mauti ni vya Mwenyezi Mungu. Kuliacha gari katikati ya njia kulikuwa kwetu, na hilo ndilo tutakaloulizwa.

Siku ya tatu tulikwenda kuwapa pole, tukifuatana na mpwa wetu na imamu wa msikiti. Tulipokewa na mama mzazi wa yule mwanamke, mtu mzima mwenye heshima zake. Tukakaa. Tukaomba msamaha kwa maneno tuliyoyaweza. Akatwambia, "Tulikuwa tunakusikia, sheikh. Tulikuwa ndani ya ambulensi na sauti yako inatoka kwenye kipaza sauti. Siku hiyo ulikuwa unafundisha nini?" Hatukuweza kumficha. Tukamwambia tulikuwa tukifundisha haki za jirani. Alinyamaza kitambo. Kisha akainuka, akatutilia chai.

Wasomaji wetu, tumekhutubu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na watu wamewahi kutusifu na kutupinga. Hatujapata kuonyeshwa haki ya jirani ilivyo kama tulivyoonyeshwa na kikombe kile cha chai.

Tuliporudi Mombasa tulifungua vitabu, maana nafsi hutafuta udhuru. Tulijiuliza: je, tulikuwa na ruhusa ya kuikata khutba? Jawabu tulikuwa nalo tangu ujana, ila tulikuwa hatujalitumia. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa mimbarini alipowaona wajukuu wake, Hasan na Husein, wakija huku wakijikwaa katika nguo zao. Akateremka, akawabeba, kisha akarudi kwenye khutba. Na katika Sahihi ya Imamu Muslim imo habari ya Abu Rifaa, mgeni aliyekuja kuuliza mambo ya dini yake wakati Mtume (S.A.W.) anakhutubu. Akaiacha khutba, akamwendea, akamfunza, kisha akarudi kuimaliza. Ikiwa mimbari iliachwa kwa ajili ya watoto wanaojikwaa na mgeni mwenye swali, sisi tulikuwa nani hata tusinyamaze kwa ajili ya mwanamke anayemwaga damu?

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamelitaja jambo hili bila kificho. Wamesema kwamba mwenye kusikiliza khutba akimwona kipofu anakaribia kutumbukia kisimani, kumwonya ni wajibu, wala hana makosa kwa kusema. Naye Sheikh Izzudin bin Abdisalam, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 660 Hijria, amefundisha kwamba kumwokoa mtu anayezama hutangulizwa mbele ya swala, kwa sababu swala yaweza kulipwa na roho iliyotoka hairudi. Dereva wetu angeinuka na funguo zake siku ile, angekuwa amefanya ibada. Tuliyemzuia kwa macho yetu ni sisi.

Katika Sura ya Al-Mujadala, aya ya 11, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kwamba wakiambiwa wafanye nafasi katika vikao, basi wafanye, naye atawafanyia wao nafasi. Tumeisoma aya hiyo mara zisizohesabika tukidhani ni adabu ya mikeka na viti. Leo tunaona kuwa barabara nayo ni kikao cha watu. Mtume (S.A.W.) alipowakataza sahaba kukaa njiani, nao wakasema hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwaamuru waipe njia haki yake. Katika haki hizo alitaja kuzuia udhia, na katika riwaya ya Abu Daud kumo pia kumsaidia mwenye dhiki. Na ni nani mwenye dhiki kuliko mtu aliyelazwa ndani ya gari linalolia?

Hebu tujiangalie sisi watu wa pwani. Jeneza likipita, mji mzima husimama. Muuza duka hutoka nje, kijana hushuka kwenye pikipiki, mwenye gari huzima injini, na kila mtu hutaka walau hatua saba za kulibeba. Ni sunna njema na Mwenyezi Mungu atulipe kwayo. Lakini gari la wagonjwa likielekea Makadara kwenye msongamano wa daraja la Nyali wakati wa magharibi, ni wangapi kati yetu tunaosogea? Tumekuwa umati unaompisha maiti, ambaye hana haraka tena ya kuishi, na kumzuia mgonjwa, ambaye kila dakika kwake ni rasilimali. Huenda yule tunayemsimamia kwa heshima leo adhuhuri ndiye tuliyemnyima njia jana usiku.

Kina mama ndio wenye sehemu kubwa katika habari hii. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wazazi. Wa kwanza ni kuchelewa nyumbani kuamua kwenda hospitali. Wa pili ni kuchelewa njiani. Wa tatu ni kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika. Mafunzo hayo yangali yakitumika duniani kote. Mzazi anayetokwa na damu nyingi aweza kufariki katika saa chache, hata kama asubuhi yake alikuwa mzima akichota maji. Ucheleweshaji wa kwanza uko mikononi mwa familia, na wa tatu uko mikononi mwa madaktari na serikali. Lakini ule wa pili, sehemu yake kubwa iko mikononi mwetu sisi tulioshika usukani, tulioegesha gari, na tunaovuka barabara. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya kutonyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haianzii kwenye mlango wa hospitali. Huanzia barabarani.

Basi tupishe vipi? Tumewauliza madereva wa magari hayo na walimu wa udereva, nasi tunayaleta hapa kwa ufupi ili yasomwe nyumbani.

La kwanza ni kusikia. Mwenye kufunga vioo na kufungulia kaswida au muziki kwa sauti kubwa hasikii mpaka taa nyekundu zimjaze kioo cha nyuma. Punguza sauti, tazama vioo, ujue king'ora kinatoka wapi. La pili ni kutulia. Wengi wetu hupapatika, tukakanyaga breki ghafla katikati ya njia, na aliye nyuma akatugonga. Toa ishara ya taa, punguza mwendo, sogea kushoto kadiri uwezavyo, maana Kenya twaendesha kushoto, kisha usimame mpaka lipite. Anayekuja kutoka upande wa pili naye asogee kushoto kwake, kwa kuwa gari la wagonjwa huenda likahitaji kuingia katika upande wake.

La tatu ni kuchagua mahali. Usisimame kwenye kona, wala kileleni mwa kilima, wala juu ya daraja jembamba, kwani hapo utakuwa umelifungia njia badala ya kulifungulia. Endelea mbele kidogo kwa mwendo wa wastani mpaka upate ukingo ulio salama, ndipo usogee. Hapo Kamukuywa, kwenye barabara hiyo hiyo ya Webuye na Kitale, pana mteremko na daraja, na watu wa huko hawajaisahau ajali ya Disemba 2017 iliyochukua roho nyingi kwa wakati mmoja. Mahali kama hapo si pa kufanyia haraka hata kwa nia njema. Wala nia njema haimruhusu mtu kuingia mbele ya magari mengine wakati taa ni nyekundu au kuwapandia waenda kwa miguu.

La nne, usilifuate. Kuna watu ambao wakiona njia imefunguliwa kwa ajili ya mgonjwa, hujitia nyuma yake ili wawahi shughuli zao. Huo ni wizi. Njia ile imetolewa sadaka kwa mwenye dhiki, na anayeinyakua amekula kisichokuwa chake. Tena ni hatari, maana huenda kuna gari la pili nyuma, la zimamoto au la polisi, naye akawa amelizuia. Likikupita moja, tazama nyuma kabla ya kurudi barabarani.

La tano ni la wale tusio na magari. Mwenye bodaboda asione kwamba kwa kuwa chombo chake ni chembamba basi hahusiki. Akijipenyeza mbele ya gari la wagonjwa hulilazimisha kupunguza mwendo. Mwenye mkokoteni, muuza mboga aliyetandaza bidhaa barabarani, mtoto anayevuka kwenda madrasa, wote ni watumiaji wa njia. Na mahali pa ajali, tusifanye mduara wa kutazama na kupiga picha. Mwezi wa Januari 2009 kule Sachangwan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakajazana kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Umati uliojazana mahali pa hatari haumwokoi mtu. Wawili watatu wenye ujuzi wabaki na majeruhi, mmoja apige simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na waliobaki kazi yao iwe kuiweka njia wazi.

Tusisahau misafara yetu ya arusi. Magari ishirini yenye maua, honi moja kwa moja, mwendo wa bibi arusi mwenyewe, njia nzima imezibwa kutoka Kongowea hadi mjini. Furaha ni halali na twaiombea baraka. Lakini baraka gani itaingia katika ndoa ambayo msafara wake ulimfungia njia mgonjwa? Wazee wa arusi wawaonye madereva kabla ya kuondoka.

Ndugu zetu walioko Ghuba hutusimulia kwamba katika Imarati asiyepisha gari la dharura hutozwa dirham 3,000 na gari lake huzuiwa siku 30. Nako Ujerumani sheria inawataka madereva, mara tu magari yanapoanza kujikokota katika barabara kuu, waache uwazi kati ya safu hata kabla king'ora hakijasikika, ili msaada ukija ukute njia iko tayari. Tuliposoma habari hiyo tuliona haya. Watu wa mbali wanafanya nafasi kabla ya kuambiwa, na sisi tuliofundishwa kufanya nafasi tangu karne kumi na nne zilizopita tunangoja faini.

Tunajua ziko nyudhuru zenye ukweli ndani yake. Mtu husema, "Ving'ora vingi ni vya wakubwa." Ni kweli, na sisi wenyewe dhana hiyo ndiyo iliyotuponza. Anayefunga king'ora asichostahiki, au dereva wa gari la wagonjwa anayekipiga akiwa amekwenda kununua chakula, anakula uaminifu wa watu, na siku ya Kiyama atadaiwa na kila mgonjwa ambaye hakupishwa kwa sababu yake. Vile vile king'ora ni ombi la njia. Hakimpi dereva ruhusa ya kuwagonga watoto wa wenzake ili kumwokoa mmoja. Lakini sisi hatuwezi kuchungulia ndani ya kila gari. Ukimpisha mheshimiwa aliyekudanganya, umepoteza dakika moja, na ujira wako uko kwa Mola wako kwa nia yako. Ukimzuia mgonjwa wa kweli, utamlipa nini?

Kina mama, tunawaomba nyinyi hasa, maana nyumba ndiyo madrasa ya kwanza. Wafundisheni watoto maana ya king'ora kama tulivyofundishwa sisi maana ya simile. Mkiwa ndani ya gari na mume au ndugu anayeendesha, na king'ora kikasikika, mkumbusheni kwa upole, "Baba fulani, tupishe." Mama mjamzito akikaribia siku zake, jamaa wajue mapema ni hospitali gani, ni gari gani, na ni njia ipi. Na kila familia itazame mbele ya nyumba yake: je, usiku wa manane gari la wagonjwa laweza kupita? Au tumejaza mchanga, mawe ya ujenzi na magari mabovu mpaka kichochoro kimefungwa? Mtume (S.A.W.) ameuhesabu uondoaji wa udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Hakulitaja kuwa jambo la manispaa.

Tumalizie na habari ya Rufaida. Katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh alipojeruhiwa, Mtume (S.A.W.) aliamuru apelekwe katika hema la Rufaida wa kabila la Aslam, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi, na hema hilo lilikuwa ndani ya msikiti wa Madina. Msikiti wa Mtume ulimpokea mgonjwa ndani. Msikiti tuliokhutubu sisi ulimzuia mgonjwa nje. Kila tukikumbuka hilo tunainamisha kichwa.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Kiminini. Ndugu wa msikiti walikuwa wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa upande mmoja wa njia, na hakuna gari linaloegeshwa ndani ya mpaka huo. Vijana wawili hukaa nje kwa zamu kila Ijumaa wakishika funguo za magari yote, nao huswali adhuhuri baada ya wenzao kutoka. Na kabla ya adhana ya pili imamu hutangaza kwamba king'ora kikisikika, mwenye gari njiani ainuke mara moja bila kuomba ruhusa. Wazo la mawe lilikuwa la yule mama wa mboga. Tulipomshukuru, alitujibu kwamba yeye pia ana binti wa kuzaa.

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti ya pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, wafanye mfano wa hayo. Hayahitaji wafadhili wala harambee, ni chokaa na vijana wawili tu. Nasi tunawaomba nyinyi wasomaji mtuombee msamaha kwa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa yule mama ametusamehe, lakini mtoto hatukupata kumwomba.

Ewe Mola, watulize nyoyo wazazi wote waliopoteza watoto, waponye wagonjwa wetu, walinde wanaowakimbiza usiku na mchana, na utufanye miongoni mwa wanaofanya nafasi ili nawe utufanyie nafasi siku ambayo hapana nafasi ila yako. Amin.